Uzi: Wanaokaribia kustaafu hapa Kigoma, anzeni maisha hayo mkiwa bado kazini

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimestaafu utumishi wa umma hapa Kigoma. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa masijala ya halmashauri. Mtumishi akiajiriwa, jalada lake linafunguliwa mbele yako, na akistaafu unalifunga wewe. Nimewaona wengi wakiondoka: walimu, manesi, mabwana shamba, watendaji wa kata, madereva. Na kwa kuwa mji wetu watu wanajuana, nimeendelea kuwaona baada ya hapo, sokoni Mwanga, Gungu, msikitini Ujiji, misibani. Wapo waliokuwa wakuu wa idara ambao leo wanaazima nauli ya bajaji. Wapo madereva waliotulia, wanakula vizuri, na wajukuu wanawakimbilia.

Nimekaa nikatafakari kinachowatenganisha, na kila nikipima narudi palepale. Waliotulia hawakuanza jambo jipya siku ya kustaafu. Walichokuwa wakikifanya jioni na Jumamosi wakiwa kazini ndicho walichoendelea nacho, ila sasa kwa muda mwingi zaidi. Waliohangaika walisubiri mkupuo, ile fedha ya kustaafu inayolipwa mara moja, uingie ndipo waanze kujenga, kufuga, kufanya biashara, hata kuzoeana na wake zao. Hilo ndilo lililonileta, mengine yote hapa chini yanatokana nalo.

Nianze na makaratasi, maana ndiko wengi wanakokwama na ndiko ninakokujua kwa undani.

Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Miaka hiyo inahesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza, hata kama kitambulisho chako cha NIDA kinasema vingine. Kwa hiyo ukifika 55, omba kuliona jalada lako. Usiulize tu kwa mdomo kama "kila kitu kipo", kaa nalo mezani ulifunue. Kila barua ina namba ya folio kwa wino mwekundu pembeni juu. Fuata namba hizo. Ukiona folio 14 halafu 17, kuna barua mbili hazipo, na huenda moja ni ya kuthibitishwa kazini au ya kupandishwa daraja. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa, za kupanda vyeo, za uhamisho kama ulizunguka mikoa, zote ziwepo, na nakala zako ziwe nyumbani.

Halafu majina. Nimeshika majalada ambayo barua ya ajira inasema Hamisi, cheti cha shule Khamis, NIDA Hamis. Mtu mmoja, majina matatu. Ukiwa na miaka 55 hilo unalimaliza taratibu kwa hati ya kiapo. Ukiligundua ukiwa na 60, mshahara umeshasimama na pensheni haijaanza, na duka la mtaani halisubiri uhakiki wa jina.

Kagua pia michango yako mwezi kwa mwezi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilianza kazi Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, na mtu aliyehama mwajiri zamani anaweza kukuta miezi fulani haionekani. Kila mwezi usioonekana unapunguza pensheni yako kwa maisha yako yote, si kwa mwezi huo tu. Na chini ya miezi 180 hakuna pensheni ya kila mwezi.

Sasa hesabu. Watu wengi wanasikia neno kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, wanakasirika, lakini hawajawahi kukaa na kalamu. Hesabu yenyewe ni fupi. Tangu Julai 2022 kanuni ni moja kwa PSSSF na NSSF: chukua miezi uliyochangia, gawa kwa 580, zidisha kwa wastani wa mishahara ya mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Hiyo ni pensheni ya mwaka. Sehemu yake inatolewa kwa mkupuo ikizidishwa kwa 12.5, inayobaki unalipwa kila mwezi. Mwaka 2022 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa makundi yaliyokuwa yakipata 50 zamani, na 35 kwa yaliyokuwa yakipata 25.

Tuseme wastani wa mshahara wako ni 1,200,000 kwa mwezi na umechangia miezi 360. Pensheni ya mwaka ni kama milioni 8.94. Kwa asilimia 40, mkupuo ni kama milioni 44.7, na kila mwezi utapokea kama 446,900.

Isome tena namba hiyo ya mwisho. Kutoka 1,200,000 hadi 446,900. Wengi wanaitazama ile milioni 44 na kuisahau hii, wakati hii ndiyo itakayokulisha miaka 20 ijayo, Mungu akipenda. Ndiyo maana nawaambia wenzangu walio na 57 na 58: kaeni na wenza wenu, jaribuni kuishi miezi mitatu kwa kiasi kile cha pensheni, kinachobaki kiwekeni akiba. Mtajua mapema kipi kinapungua. Michango ya harusi? Vocha? Watoto wa ndugu mnaowasomesha? Ni afadhali mkajua wakati mshahara bado unaingia.

Kuhusu mkupuo wenyewe, ushauri wangu ni mfupi na nauamini kabisa: miezi sita ya mwanzo usiutumie. Lipa deni kama lipo, paua nyumba yako ya kuishi kama haijapauliwa, basi. Kilichobaki kiweke mahali salama ambapo huwezi kukitoa kwa simu usiku ndugu akikulilia. Katika miezi hiyo watakuja wote. Atakuja mpwa mwenye wazo la bodaboda, kijana wa kanisani mwenye mradi wa kuku, na mtu usiyemfahamu atakayekwambia fedha inazaa mara mbili kwa miezi mitatu. Waliokuwepo mwaka 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI. Majina yanabadilika, mpango ni uleule: anayetangulia analipwa kwa fedha ya anayefuata, mpaka wafuataji wakome.

Nitaendelea na mambo ya kilimo na siku zinavyokwenda. Wenye maswali ulizeni, wenye uzoefu changieni.

Nesi Mstaafu, Kasulu

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi nimestaafu unesi, na mume wangu alikuwa mwalimu, alitangulia mimi miaka miwili. Naomba niongelee nyumbani, maana wanaume mkiongelea kustaafu mnaongelea fedha.

Mwanaume aliyezoea kutoka saa moja asubuhi na kurudi jioni, siku akibaki nyumbani anaanza kukagua. Mbona mkaa unaisha haraka? Mbona sabuni? Nani huyu kaja? Nyumba ambayo mama ameiendesha miaka 30 inapata bosi mpya ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi. Nimezipokea hospitalini presha za akina mama zilizopanda kwa sababu hiyo, na za akina baba zilizopanda kwa kukaa bila kazi. Dada zangu, ongeeni na waume zenu kabla. Kila mtu awe na shughuli yake na saa zake za kutoka. Wangu anakwenda shambani asubuhi, akirudi anafundisha hesabu watoto wa jirani bila malipo, na wale watoto ndio dawa yake. Wakimwita "mwalimu" njiani, unamwona anavyonyooka.

Afya sasa. Pimeni presha na sukari kila mwezi hata kama hamsikii chochote, maana presha haina dalili mpaka iwe imeshaharibu. Ikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, nenda kituoni, na ukipewa dawa usiache kwa sababu umejisikia nafuu. Nafuu hiyo ni ya dawa. Sisi watu wa Kigoma tunapenda samaki na dagaa wa chumvi. Waloweke, mwaga maji, loweka tena. Mawese yetu yana vitamini A nyingi na siyakatai, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, kwa hiyo kwa mtu mwenye moyo mgonjwa kijiko kinatosha, si upawa. Tembea. Kasulu ina vilima vya kutosha, huhitaji kulipia mazoezi.

Bima: mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa NHIF kwa mujibu wa masharti yao anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Watoto wanatoka. Kama una mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, panga bima yake kabla hujastaafu. Na jueni kwamba ukipewa rufaa kutoka hospitali yetu ya Maweni kwenda Bugando, Mwanza, kadi inalipia matibabu. Nauli, chakula na malazi ya anayekusindikiza ni juu yako. Sisi tuna akaunti ndogo ya kazi hiyo tu, na hatuigusi kwa harusi wala msiba.

Kijana wa Kibirizi

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa ziwani, nimekulia mwaloni Kibirizi. Naomba wastaafu wanisikilize kwa suala la kununua mtumbwi, maana kila mwaka namwona mmoja.

Mstaafu anakuja na mkupuo, ananunua mtumbwi, injini, nyavu, taa za sola na betri. Anawakabidhi vijana, anarudi zake Mwandiga kulala. Asubuhi anapigiwa simu: usiku haukuwa mzuri, tumepata ndoo chache, na mafuta yamekwisha. Ataamini nini? Mwenye chombo anayefanikiwa utamkuta mwaloni alfajiri, anahesabu ndoo zikishuka, anajua nani amenunua na kwa bei gani. Mafuta na chakula vinakatwa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Kama hukuwepo kwenye hesabu, unagawiwa kile kilichobaki baada ya kugawana.

Halafu kuna siku za mbalamwezi. Dagaa wanavutwa na taa, mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, vijana wanapumzika. Kila mwezi una siku hizo ambazo chombo kimelala. Juu ya hapo, serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono, tuliona wenyewe samaki walivyokuwa wamepungua. Lakini mstaafu aliyekopa kununua injini mwezi wa nne, miezi mitatu hiyo aliilipa kutoka wapi?

Baba yangu mdogo yeye alifanya tofauti. Alikuwa karani serikalini, na miaka yote alikuwa na meza za kuanikia dagaa pamoja na mke wake. Alipostaafu aliongeza meza tu. Wavuvi anawajua, wateja wa Dodoma na Dar wanamjua. Ananunua siku dagaa wakiwa wengi, anaanika juu ya wavu badala ya mchanga, anauza wakipanda bei. Hajawahi kumiliki mtumbwi na hautaki.

Mleta uzi

Marahaba kijana wangu, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Dada yangu wa Kasulu, asante sana, hilo la mume kukagua mkaa lisomwe na kila mwanaume humu.

Niongeze jambo la ziwa. Wastaafu wengi wanatamani kiwanja chenye kuona maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lenyewe lilitukumbusha: kuanzia 2020 maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba na miundombinu ya mwambao. Nunua juu. Utayaona maji vizuri zaidi, na hayatakufuata.

Kilimo. Mimi nina michikichi njia ya Simbo. Niliipanda nikiwa bado naripoti kazini, na hapo ndipo ulipo ushauri wangu wote. Mche wa Tenera, hii mbegu ya mchikichi inayozalishwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu au wa nne. Aliyepanda akiwa na 56 anavuna mikungu ya kwanza mwaka anaostaafu. Aliyepanda akiwa na 60 anasubiri mpaka 63 au 64 huku akila mkupuo. Shamba, mbegu na mtu ni walewale.

Wanaouliza kwa nini Tenera: michikichi yetu ya zamani ni Dura, kokwa nene, nyama nyembamba. Tenera kokwa lake ni jembamba, nyama ya kukamua ni nyingi, na inaanza kuzaa ikiwa fupi, unaukata mkungu umesimama chini. Kwa mzee hilo ni kubwa. Dura ndefu inahitaji mkwezi, na mkwezi anataka malipo yake kila mara. Nafasi ni mita 9 kwa 9, ekari moja inachukua kama miche 50 na zaidi kidogo. Miaka ya mwanzo katikati unapanda maharage na karanga, palizi inajilipa yenyewe. Mise, ile mbegu ya ndani ya kokwa, usiitupe, nayo ina mafuta yake na ina wanunuzi.

Kwa wanaorudi nyumbani baada ya kufanya kazi mikoa mingine: usifike na lori la mizigo ndipo uulize shamba la ukoo liko wapi. Njoo likizo, ukae na wadogo zako, mpite mipakani pamoja na majirani, muombe hati ya hakimiliki ya kimila kupitia kijiji. Ndugu aliyelilima shamba miaka 20 wewe ukiwa Mbeya ana haki ya kusikilizwa, na akisikilizwa mapema hatakuwa adui. Na stahiki yako ya kusafirishwa, wewe, mwenza na mizigo, hadi nyumbani ulikoandikisha, idai kwa mwajiri kabla hujaondoka. Ukishaondoka, kufuatilia kunagharimu.

Mfanyabiashara, Mwanga

Mzee kwa heshima zote, mnawatisha watu. Laki nne na nusu kwa mwezi haimtoshi mtu mwenye familia. Bila biashara mstaafu atakufa njaa. Na fedha ikikaa benki inaliwa na mfumuko wa bei. Mimi nasema ingiza mzigoni mapema, nguvu bado zipo.

Mleta uzi

Mkuu, haitoshi kwa wengi, nakubaliana nawe kabisa, ndiyo maana nimesema ijaribiwe mapema. Biashara siikatai. Ninachokataa ni mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti kufungua duka la vifaa vya ujenzi kwa mkupuo wote. Wewe umejifunza biashara kwa miaka, ukipoteza ulikuwa na umri wa kurudisha. Yeye akipoteza, mwajiri hatamwita tena.

Akitaka duka, alifungue akiwa na 54, dogo, kwa sehemu ya mshahara. Likifa akiwa na 56 amejifunza. Likisimama, akistaafu analiongezea kiasi ambacho hata kikipotea chote nyumba haitayumba.

Nyumba za kupangisha nazo tuzipigie hesabu bila mapenzi. Tuseme umejenga kwa milioni 40 na unapata 150,000 kwa mwezi kila mwezi bila mpangaji kukimbia. Ni 1,800,000 kwa mwaka. Itachukua zaidi ya miaka 22 kurudisha fedha, hujapaka rangi. Ni mali ya kurithisha, sawa, ila si mshahara wako.

Kuhusu fedha kukaa bila kazi: zipo hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, za miaka 2 hadi 25. Unaanza na milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na riba iliyoandikwa kwenye hati yako haibadiliki mpaka iive. Tuseme umepata ya asilimia 12 na umeweka milioni 20: ni 1,200,000 kila baada ya miezi sita, sawa na 200,000 kwa mwezi. Ongeza kwenye pensheni, sasa mnazungumza lugha nyingine nyumbani. Benki yako au dalali wa soko la hisa anakufungulia akaunti. Wanaotaka kuweza kutoa fedha upesi wana mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, Mfuko wa Ukwasi kwa mfano, na upo wa Hatifungani wenye chaguo la kupokea gawio kila mwezi. Nayo unaweza kuanza leo ukiwa kazini kwa kiasi kidogo, ukazoea kusoma taarifa zake, ili siku ya milioni 20 usiwe mgeni.

Mwalimu wa Buhigwe

Shikamoo mzee. Nina 57. Mkopo wangu wa benki unaisha miezi michache kabla ya kustaafu, na afisa wao ananishawishi niongeze ili nimalizie nyumba. Watoto wawili bado wako chuo. Nifanyeje?

Mleta uzi

Marahaba mwalimu. Usiongeze. Ukiongeza leo, miaka yako mitatu ya mwisho utaishi kwa mshahara uliokatwa, na ile ndiyo miaka ya kupanda na kuweka. Nyumba ihamieni ikiwa na vyumba viwili vilivyokamilika, sakafu ya saruji, madirisha. Vingine vitafuata. Watoto wa chuo waambie ukweli wa tarehe yako ya kustaafu. Mtoto anayejua kwamba mshahara wa baba unaisha Juni anapanga maisha yake, asiyejua anakupigia Julai.

Na wewe uko Buhigwe, nchi ya kahawa. Mbuni ukiupanda msimu huu unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Una 57. Hesabu mwenyewe.

Jambo moja linaniumiza sana na sitaki liwapate walimu: kausha damu. Hawa wakopeshaji wa mtaani wanachukua kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba ya siri, pensheni ikiingia wanatoa wao, wanamwachia kidogo. Nimemwona mama wa heshima, aliyefundisha nusu ya watu wa kata yake, amesimama mbali na mashine ya kutolea fedha akisubiri kijana wa umri wa mjukuu wake atoke na kadi yake mfukoni. Hakuna msiba wala ada inayostahili kadi yako. Kama shida imebana, uza mbuzi, uza pikipiki, nenda kwenye kikundi cha akina mama au SACCOS yenu. Kadi na namba ya siri ni vyako peke yako.

Mwana Ujiji

Mimi nitasema kidogo tu. Andikeni wosia. Watu wanaogopa, wanadhani ni kujitakia kifo. Nimekaa kwenye vikao vya mirathi hapa Ujiji vya familia zilizokuwa zikila sahani moja. Kwa sisi Waislamu warithi wanajulikana na mafungu yao, na wosia kwa asiyekuwa mrithi hauzidi theluthi, lakini bado andika: shamba liko wapi, mpaka wake, nani anakudai, unamdai nani, akaunti gani. Unaweza kuuhifadhi RITA, ule wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe pamoja. Mama akibaki mjane bila cheti cha ndoa, anaanza kuthibitisha ndoa ya miaka 35 mbele ya watu wasiomjua.

Na wazee wenzangu wa kiume, msijifungie. Jioni tokeni barazani, kahawa ipo, bao lipo. Nani anaumwa, nani kafiwa, nani anahitaji mtu wa kumpeleka Maweni, yote yanapatikana pale.

Binti wa Kasulu, Dar es Salaam

Shikamooni wote. Mama yangu ni mwalimu wa msingi Kasulu, anastaafu mwezi wa sita. Mimi ndiye mkubwa, niko Dar. Baada ya kusoma hapa nimegundua sijui lolote kuhusu mambo yake. Nianzie wapi nikiwa mbali?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Kuuliza kwako tu mama yako amepata msaada.

Mpigie leo, muulize kama ameshaliona jalada lake, na barua yake ya kustaafu imefikia wapi. Taarifa ya kustaafu inatakiwa iandikwe miezi sita kabla, kwa hiyo isiwe inasubiriwa. Likizo ijayo ukija, chukua simu yako, piga picha kila cheti na kila barua, hifadhi kwako. Msaidie kuweka programu ya PSSSF Kiganjani kwenye simu yake akiwa na wewe pembeni. Ndani yake ataona michango yake, na baadaye atafanyia uhakiki wa mstaafu bila kupanga foleni. Uhakiki usipofanyika pensheni inasimama, kwa hiyo tarehe hiyo iandike hata kwako.

Kaeni ndugu wote mkubaliane kwamba mkupuo wa mama ni wa mama. Anayetaka mtaji akatafute kwingine. Mkubwa ukilisema wewe, wadogo watalisikia. Mama mwenyewe hawezi kuwanyima, na wao wanajua hawezi.

La mwisho ni simu. Kuanzia mwezi wa tano atapigiwa na watu wanaojitambulisha kuwa maafisa wa mfuko au wa Hazina. Watamtaja kwa jina, shule yake, mpaka tarehe ya kustaafu, na watasema faili lake limekwama, atume kiasi fulani lipite. Mfuko hautozi fedha kulipa mafao. Mwambie asibishane nao wala asijieleze, aseme tu, "Mpigie binti yangu, ndiye anayeshughulikia," awape namba yako, akate.